Mbasa Waliopanda Mapema

Makwale, Kyela
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Anyitike,

Ugonile. Nakusalimu katika Bwana, wewe na shemeji Keziya na watoto, ambao sijui hata kama wamefika watatu au wanne. Sisi huku tunaamka. Beatrice mgongo unamsumbua akiinama kwenye mpunga, lakini ameniambia niandike kwamba hajambo, kwa hiyo hajambo.

Barua hii anakuletea Prisca, yule anayevusha mchele mpakani Kasumulu kwenda Karonga. Namba yako ya zamani nimeipiga mpaka yule dada anayejibu kwamba simu haipatikani nimemzoea kama jirani. Prisca ndiye aliyeniambia alikuona sokoni unauza dagaa wa usipa, ukamnunulia soda. Nikamwuliza, "Alikuuliza nini juu yetu?" Akasema, "Hakuuliza kitu, mzee. Aliuliza tu kama mvua zimeanza Kyela." Nikajua kwamba mto bado uko nao moyoni.

Mama anaumwa. Tangu Agosti nimemhamishia kwangu. Miguu imevimba na pumzi ni fupi. Hospitali wamesema moyo umepanuka, apumzike, asipandishwe hasira wala huzuni. Jina lako halitaji. Lakini pikipiki ikisimama barabarani anaacha kutafuna mpaka ajue ni nani ameshuka.

Kwa hiyo nakuomba uje. Yale ya Januari 2021 yana miaka karibu minne sasa. Kweli, hakuna aliyesahau asubuhi tuliyookota samaki zaidi ya mia mbili, mbasa watupu, wamekufa kwa sumu ya utupa, wengi wao majike wenye mayai, na mto wetu haujapona hadi leo. Lakini nimeongea na mchungaji. Nimeongea na wenzangu wa kamati ya mto pia, maana bado mimi ndiye mwenyekiti. Hakuna atakayekugusa. Utasimama mbele ya ushirika Jumapili moja, utasema neno la toba, tutakuombea, basi. Watu wamesamehe. Na mimi nimesamehe.

Kamati tuko saba. Maji yakianza kupanda tunakaa kando ya mto Mbaka kwa zamu, na vijana nawafundisha kama baba alivyotufundisha sisi. Kwamba mbasa akiacha ziwa na kupanda mto anakwenda kutaga, kwa hiyo siku tatu za maji ya kwanza hakuna kutupa mshipi. Kwamba ndoano unaiponda kile kijino chake kwa koleo, ichomoke bila kurarua mdomo. Unalowesha mikono kabla ya kumgusa. Dume mwenye vipele kichwani unamchukua. Jike mwenye tumbo laini unamshika humohumo majini, kichwa kikielekea maji yanakotoka, unangoja mpaka mkia wake wenyewe usukume kiganja chako. Juzi nilikuwa nawaonyesha kwa kipande cha shina la mgomba. Tumpale, yule wa mashine ya kukoboa, akapita, akasema, "Mzee wa kanisa, kumbe hata migomba unabatiza." Vijana wakacheka mpaka somo likaishia hapo.

Njoo, mdogo wangu, mama yupo.

Kaka yako,
Nsajigwa


Karonga
1 Desemba 2024

Kaka Nsajigwa,

Ndaga kwa barua. Watoto ni wanne. Wa mwisho ni msichana wa miaka miwili, tumempa jina la mama, Tusekile, na Kitumbuka anakijua kuliko Kinyakyusa. Keziya yupo. Mimi mwili ni mzima. Mpe pole Beatrice, na mwambie asiiname sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya tatu nikamsomea Keziya kwa sauti. Nilipofika pale pa toba alicheka, si kicheko kizuri, akasema, "Kaka yako anakuita nyumbani au anakuita kwenye kesi?"

Kaka, nitasema tena nililosema siku ile. Wavu nilitega. Niliziba mdomo wa mto toka ukingo hadi ukingo, wakati wa mbasa kupanda, kwa sababu tajiri mmoja wa samaki aliniahidi injini ya boti na mimi nilikuwa nimechoka kasia. Hilo ni langu. Baba angekuwa hai angenichapa hivi nilivyo na ndevu. Mkitaka nisimame mbele ya ushirika niseme hilo la wavu, nasimama hata kesho.

Utupa sikuutwanga. Mbasa walionasa kwenye wavu wangu asubuhi ile walikuja wameshakufa, waliletwa na maji kutoka juu.

Kwenye mkutano wa kijiji ulikuwepo. Mama alisimama akasema kinu chake kinanuka utupa, na kwamba anayelala kwake ni mimi peke yangu, maana Keziya alikuwa amekuja huku kwao kujifungua. Alisema huku analia. Ningejibu nini? Nilishakwenda jikoni nikakinusa kile kinu mwenyewe, na kilinuka kweli. Tangu siku ile nawapitisha kichwani majirani wote, mmoja baada ya mwingine, ni nani aliingia jikoni kwa mama. Nimemshuku hata Tumpale, Mungu anirehemu, kwa sababu tu anapenda mzaha.

Siji kusamehewa kitu ambacho sikukifanya. Nikikubali hivyo mama atakwenda akiamini kwamba alisema kweli juu yangu. Bora aendelee kunikasirikia nikiwa mbali.

Mwambie mjukuu wake mwenye jina lake anajua kuimba. Kama hataki kusikia, mwambie tu kwamba mvua huku zimechelewa.

Mdogo wako,
Anyitike


Makwale
2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Amani kwako na kwa nyumba yako yote, na kwa Tusekile mdogo, ambaye jina lake nililisoma nikalazimika kutoka nje.

Prisca amepita hapa mara tano akiondoka bila barua yangu. Kila mara aliuliza, "Leo vipi, mzee?" nami nikamwambia kalamu imeisha wino. Wiki iliyopita akaniletea kalamu.

Aliyeingia jikoni kwa mama ni mimi.

Nimeandika mstari huo nikauacha hapo mezani, nikaenda kuwafungia mbuzi, nikarudi nikaukuta bado upo. Sasa nakueleza yote, usome polepole.

Unakijua kile kidimbwi cha pembeni, kinachoachwa na mto wakati wa kiangazi, juu kidogo ya kilindi ambamo mbasa hupumzika wakipanda. Mwaka ule kilikuwa kimejaa kambale. Na msimu uliotangulia nilikuwa nimekaa pale ukingoni, nikawaona kambale wakiingia kwenye changarawe nyuma ya mbasa majike, wanayala mayai yanavyotoka. Iliniuma sana, Anyitike. Nililinda wale samaki dhidi ya watu mwaka mzima, kisha nikakaa nikitazama wanamalizwa na kambale. Nikajisemea, mwakani, kabla mbasa hawajaja, nitawaua kambale humo kidimbwini. Utupa kidogo tu. Maji yamesimama, hayajaungana na mto. Mpaka mto uje kufika pale, nguvu ya utupa itakuwa imekwisha.

Kwa kufikiri kwangu mbasa walikuwa bado wana wiki mbili au tatu. Siku mbili kabla yake maji yaliongezeka kidogo, nikayaona, nikasema hayo ni madogo, mbasa hawatoki ziwani kwa maji kama hayo.

Kinu chetu kilikuwa kimepasuka. Ilikuwa Alhamisi, mama yuko kwenye umoja wa wanawake, wewe uko ziwani. Nikatwanga jikoni kwake, nikakisuuza kwa maji mara mbili nikidhani inatosha. Jioni nikaenda kutia. Na niliomba kabla ya kutia. Nilivua kofia, nikafumba macho, nikamwomba Mungu aibariki kazi ile.

Kwetu haikunyesha hata tone. Lakini huko juu Tukuyu ilinyesha, na mto ukaja. Maji yakaingia kidimbwini, yakachota kila kilichokuwemo na kukimwaga kilindini. Na mbasa walikuwa wameshapanda. Wamelala mle kilindini, wamejaa, wanasubiri maji makubwa wasonge mbele. Walikuja mapema kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, au labda siku zote wapo wanaotangulia na maji madogo, ila mimi sikuwa najua. Nilijiona najua kila kitu cha mbasa.

Asubuhi nilikuta watu wameshafika. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nakuapia. Nilimshika Aliko, mwenzangu wa kamati, mkono nimwambie. Ndipo wakaja wengine wanakimbia kutoka chini, wakasema wamekukuta na wavu umejaa mbasa wafu. Nikamwachia Aliko mkono.

Sikukusingizia. Jina lako sikulitamka hata mara moja, na kwa miaka minne nimejifariji kwa hilo, kwamba mimi sikulitamka. Mama aliposema habari za kinu niliangalia viatu vyangu. Niliogopa uzee wa kanisa utakwenda, na kamati itakwenda. Niliogopa vijana niliowafundisha kumshika jike kwa mikono miwili watasema, huyo ndiye aliyewaua yeye mwenyewe. Kisha mwezi wa kumi na moja nikakuandikia kwamba nimekusamehe. Mkono ulioandika ni huuhuu.

Kinu mama alikichoma moto siku ya pili baada ya mkutano. Alikuwa amepewa na mama yake.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Nakuomba.

Kaka yako,
Nsajigwa


Karonga
16 Februari 2025

Kaka,

Salamu nimepokea. Sisi wazima.

Keziya nimemsomea. Safari hii hakucheka.

Mimi usiniombe chochote kwa sasa. Ushirika uache, kamati iache, wenye kijiji waache wakae na wanayoyajua. Ingia ndani umwambie mama. Yeye tu. Mwambie ulivyoniandikia mimi, kwamba ni wewe, na kwamba Anyitike alipokataa mbele yake alikuwa anasema kweli.

Siku utakapomwambia mpigie Prisca. Navuka siku hiyohiyo, hata nikiwa nimetoka ziwani sijabadilisha nguo.

Fanya haraka, kaka.

Anyitike


Makwale
23 Machi 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Neema iwe nanyi. Natumaini mvua zimefika na huko, na kwamba watoto hawana homa. Sisi tuko ndani ya maji, mpunga umekaa vizuri, kakao inaoza kidogo kwa unyevu.

Mama amepata nafuu. Juzi amekula ndizi na maharage akamaliza, akamgombeza Beatrice kwa chumvi. Beatrice akasema, "Mama akishaanza kugombana na chumvi ujue amepona." Alicheka mama. Tangu Krismasi sikuwa nimemwona akicheka.

Sasa utaniuliza. Nilijaribu. Jumanne ya wiki iliyopita nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake, nikamwambia, "Mama, nina neno."

Akasema, "Sema. Lakini kama ni la mchango wa kanisa, mwambie Beatrice."

Nikasema, "Ni la zamani. Unakikumbuka kile kinu?"

Uso ukamgeuka. Akasema, "Kile nilikichoma. Usinitajie." Akageukia ukutani, na mabega yakawa yanapanda na kushuka kwa ile pumzi yake fupi. Nikaogopa. Nikamshika mgongo, nikamwambia basi mama, basi. Daktari alisema asihuzunishwe, na mimi ndiye niliyesimama pale aliposema. Nikimwua kwa neno langu nitakueleza nini?

Nimeamua hivi. Tumalize Kwaresima, ale Pasaka vizuri, apate nguvu zaidi. Wiki ya baada ya Pasaka namwambia, na wewe utakuwa unavuka mpaka. Nimeandika siku yenyewe kwenye kalenda ya ukutani, Beatrice ananiuliza ni ya nini, namwambia ni ya kamati.

Mbasa wamepanda, wachache. Jana nimempata jike mmoja, mrefu kama mkono wangu toka begani. Nilimtoa ndoano humohumo majini, nikamshika kichwa kikielekea juu, nikangoja. Alikaa sana. Nilihisi tumbo lake lililojaa mayai kwenye vidole vyangu. Vijana wanne wanatazama kama wanavyonitazama siku zote. Alipousukuma mkono wangu akaenda, mmoja wao akasema, "Mzee ana mkono wa huruma." Nilitamani anitukane.

Nivumilie, Anyitike. Ni wiki nne tu.

Kaka yako,
Nsajigwa


Karonga
18 Mei 2025

Kaka Nsajigwa,

Pole kwa msiba. Na wewe unipe mimi pole, kwa sababu siku ile hatukupata nafasi ya kupeana.

Prisca alinipigia Jumanne saa nne asubuhi, Jumatano nikavuka. Nilifika ibada imeshaanza. Uliponiona uliacha kiti cha wafiwa, ukaja mpaka pale nilipokuwa nimesimama, ukanikumbatia, ukalia begani kwangu. Nyuma yangu nikamsikia mtu anamwambia mwenzake, "Tazama mzee alivyo na moyo. Amempokea."

Nilisema moyoni, acha, bado wasifu wa marehemu. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakayeusoma, na watu wote waliokuwa kwenye ule mkutano wapo hapa. Ukasoma kuzaliwa kwake. Ukasoma ndoa yake na baba, na miaka aliyoimba kwaya. Ukasoma kwamba ameacha watoto wawili, Nsajigwa na Anyitike, na hapo ukanyamaza. Kaka, ulinyamaza muda mrefu. Nilishika mti wa turubai. Nikasema, sasa.

Ukakunja karatasi ukamshukuru mchungaji na kwaya na waliotoa turubai.

Makaburini nilitupa udongo wangu. Wakati wa chakula bibi mmoja wa umoja wa wanawake alikuwa anawanawisha watu. Alinimiminia maji huku anaangalia pembeni, maji mengi yakaenda chini. Nikafuta mikono kwa suruali, nikaondoka. Sikula. Nisingeweza kula pale.

Nina swali moja tu. Pasaka ilikuwa tarehe ishirini ya Aprili. Mama amefariki tarehe sita ya Mei. Katikati hapo kuna siku kumi na sita. Ulimwambia?

Anyitike


Makwale
22 Juni 2025

Anyitike, mdogo wangu,

Nakusalimu, na sasa sijui kama nina haki ya kukuuliza hali.

Sikumwambia.

Ile siku niliyoiandika kwenye kalenda ilifika, alikuwa na wageni. Kesho yake alikuwa amechoka. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Sikuwahi kudanganya hata sababu moja.

Sasa nakueleza kitu ambacho ningeweza kukificha, kwa kuwa aliyekisikia ni mimi peke yangu. Jumatatu, siku moja kabla, nilikuwa namsugua miguu kwa mafuta. Akauliza, akiwa anaangalia dari, "Anyitike ana watoto wangapi?" Ndiyo mara ya kwanza kutaja jina lako tangu uondoke. Nikamwambia wanne, na wa mwisho amepewa jina lako, mama. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Angeniambia tu mwenyewe kwamba ni yeye. Ningemfungulia mlango."

Miguu yake ilikuwa mikononi mwangu. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndivyo nilivyosema. Asubuhi Beatrice alipokwenda kumwamsha alikuwa ameshakwenda.

Barua yako ilinifikia Ijumaa kabla ya Pentekoste. Niliisoma, nikampa Beatrice naye asome, na yale mengine yote nikamsimulia kwa mdomo. Alikaa akichambua mchele ule ule mpaka jua likazama. Mwishowe akasema, "Miaka minne nakufulia kanzu ya uzee wa kanisa." Hadi leo tunaongea mambo ya chakula na mvua tu.

Jumapili ya Pentekoste nilisimama. Sikumwomba mchungaji nafasi, nilisimama wakati wa matangazo, nikasema yote, kidimbwi, kambale, utupa, kinu cha mama, na namna nilivyomwachia Aliko mkono. Nikasema Anyitike alitega wavu, na zaidi ya wavu hana kosa. Nikasema mama yetu alishuhudia vibaya bila kujua kwa sababu mimi nilinyamaza. Nilisikia watoto wa shule ya Jumapili wakiimba kule darasani. Yule bibi aliyekunawisha aliuliza kutoka kwenye kiti chake, bila kusimama, "Na mama yako alijua?" Nikasema hapana. Akafunika uso kwa kitenge.

Uzee wa kanisa nimevuliwa, ni sawa. Nakaa viti vya nyuma, karibu na mlango. Kamati ya mto anaiongoza Aliko. Alikuja na wenzake nyumbani, wakanitaka niwakabidhi daftari na koleo la ndoano, kwa heshima, mpaka nikaona afadhali wangefoka. Tumpale alinifuata nje ya kanisa siku ile. Nilingoja mzaha wake, nilikuwa hata nauhitaji. Akasimama tu, akasema, "Mimi nilimtemea mate mdogo wako pale sokoni Bondeni. Mbona uliniacha nikamtemea?" Hukuwahi kuniambia habari hiyo.

Kijijini wameshakutana tena. Wameandika kwamba maneno ya 2021 juu yako yamefutwa, nakala nimeiweka ndani ya bahasha hii, ina muhuri. Kwa hiyo njia ni nyeupe. Kilindi kipo, nyumba ya mama ipo, nimeipaka chokaa. Vijana wanataka mtu wa kuwafundisha, na zaidi yangu mimi anayemjua mbasa kama baba alivyomjua ni wewe. Mimi sitafika mtoni ukiwepo, kama hutaki kuniona. Nitapita njia ya juu.

Rudi nyumbani.

Kaka yako,
Nsajigwa


Karonga
20 Julai 2025

Kaka,

Salamu kwako na kwa Beatrice. Huku kuna baridi ya upepo wa ziwani, watoto wanakohoa kidogo, wanaendelea vizuri.

Habari za Pentekoste zilifika hapa kabla ya barua yako. Watu watatu walinisimamisha sokoni kunipa hongera, na mmoja wao alitaka nimnunulie soda kwa furaha. Nilimnunulia. Ile karatasi yenye muhuri Keziya ameiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Najua haikuwa rahisi kusimama vile. Mimi nakujua, najua ilivyokugharimu, na sikudharau. Mwambie Tumpale yale ya Bondeni yamekwisha. Hakujua. Na vijana waendelee kumshika jike kama ulivyowafundisha, kwa sababu ulichowafundisha kilikuwa kweli, na usiache kwenda mtoni kwa ajili yangu. Watoto wako wakitaka kumwona baba yao mdogo wajue nyumba ipo, waulize sokoni.

Mimi sitarudi Makwale. Nimelikalia hili mwezi mzima nisije nikajibu kwa hasira, na hasira imeisha, jibu limebaki. Umeliambia kanisa, umekiambia kijiji, na sasa Kyela yote inajua, mpaka huku ng'ambo wanajua. Wote hao sikukuomba uwaambie. Niliyetaka aambiwe alikuwa mmoja, kaka, na alikuwa ndani ya nyumba yako.

Mdogo wako,
Anyitike